Nikipiga kwa nguvu mchezo unaisha, nikipiga polepole nafungwa

SWALI

Kocha, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Kinondoni. Tuko watu wanane tunaochangia kukodi kiwanja kimoja cha tenisi cha saruji, Upanga, kila Jumamosi saa 1 asubuhi hadi saa 3. Si mashindano, ni kutoa jasho na kuonana. Wengi wamenizidi umri. Yumo mzee wa miaka 67 ambaye ndiye aliyetukusanya, yumo mama wa rika la shangazi yangu aliyeshika raketi kwa mara ya kwanza mwaka jana, na wapo kaka wawili wanaocheza vizuri kiasi.

Tangu Januari nina mwalimu, Jumanne na Alhamisi jioni. Fohendi yangu (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) imepata nguvu na servisi (mpira wa kuanzisha pointi) inaingia. Shida ni Jumamosi. Nikicheza ninavyofundishwa, mpira haurudi. Tunapiga mara mbili, kijana anakwenda kuokota, basi. Yule mama aliniambia kwa upole, "Mwanangu, leo nimekuja kuokota mipira." Niliona aibu sana.

Wiki iliyofuata nikaamua kupiga polepole, nikaharibu zaidi. Mipira laini ikanishinda, mingine naitoa nje, mingine inagonga wavu. Mzee akanifunga 6-3, na kati ya hizo gemu zake sita, mbili nilikosea makusudi ili azipate. Nadhani aligundua, maana alinipa mkono bila kuniangalia. Kaka mmoja naye kazi yake ni kuinua mpira juu tu, lobu baada ya lobu, mpaka napandwa na hasira.

Naomba mnisaidie: kwa nini mpira dhaifu unanishinda kuliko mpira mkali wa mwalimu? Nichezeje nao bila kuwakosea heshima? Na je, Jumamosi hizi zinanishusha kiwango, nijitoe? Nawapenda watu hawa, sitaki kujitoa.

Mchezaji wa Jumamosi, Kinondoni

JIBU

Marahaba, dada. Tuanze na mpira laini, maana ukishauelewa huo mengine yanapungua uzito.

Mpira wa mwalimu unakuja na nguvu zake. Ukiuwekea raketi imara mbele ya mwili, unarudi kwa kutumia nguvu uliyokuja nayo. Mpira wa mama hauna cha kukukopesha, nguvu yote itoke kwako. Hapo ndipo mkono unapohangaika. Unavuta raketi nyuma kabisa kama ulivyozoea, mpira unachelewa, unasimama kuusubiri, na unapopiga umeshashuka hadi magotini. Mpira ulio chini ya kimo cha wavu lazima uinuliwe. Ukiuinua kwa mkono mkubwa, unatoka nje. Ukiogopa kuutoa ukaubana, unagonga wavu. Makosa yako yote mawili yanatoka mahali pamoja: miguu ilisimama.

Angalia na pale ulipokuwa umesimama. Bila shaka umezoeshwa kukaa mita moja hivi nyuma ya mstari wa nyuma, na kwa mipira ya mwalimu ni sawa kabisa. Lakini mpira wa mtu aliyeanza mwaka jana unadunda jirani na mstari wa servisi, ulio mita 6.40 kutoka wavuni. Kutoka hapo hadi mstari wa nyuma ni karibu mita 5 na nusu. Ongeza ile mita yako: una mita 6 na nusu za kuukimbilia mpira ambao haupandi. Unafika umechelewa na umeinama, na hakuna fohendi ya kueleweka inayopigwa katika hali hiyo.

Ukicheza naye, ingia hatua moja au mbili ndani ya mstari. Raketi yake inapokaribia kugusa mpira, ruka kidogo utue kwa miguu iliyotanuka, hiyo ndiyo inayokupa mwanzo wa mbio. Hatua tatu au nne za mwisho ziwe fupi kama za mtu anayechagua pa kukanyaga kwenye matope. Raketi isirudi nyuma kupita nyonga. Uupige mpira ukiwa kwenye kimo cha kiuno, mbele ya mguu wa mbele, kisha uache mkono umalize safari yake hadi juu ya bega la upande wa pili. Kinachofupishwa ni maandalizi, umaliziaji unabaki mrefu. Wengi wanafanya kinyume: wanavuta mbali, wakishtuka kwamba mpira ni mwepesi wanausimamisha mkono katikati, na mpira unafia wavuni.

Lenga mita moja juu ya wavu, kwa mshazari. Wavu una sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77, ila kona hadi kona kwa mistari ya singo (mchezo wa mmoja kwa mmoja) ni zaidi kidogo ya mita 25. Ukipiga mshazari unavukia pale wavu ulipo chini, na mpira unapata zaidi ya mita moja ya ziada ya kushuka kabla haujatoka.

Halafu chunguzeni mipira mnayotumia. Makundi ya kuchangia yana tabia ya kutumia kopo moja mpaka manyoya yaishe, na mpira uliokwisha upepo unafanya kila mpira laini kuwa laini maradufu. Kwa kanuni, mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye saruji unapaswa kupanda kati ya sentimita 135 na 147. Huna haja ya futi kamba: nyoosha mkono hadi kimo cha mita 2, uachie bila kuusukuma. Usipofika mita 1, yaani ukiishia chini ya kiuno chako, huo ni wa kuchezea na mbwa. Na saa 1 asubuhi, kama kiwanja bado kina umande, manyoya yanafyonza maji na mpira unakuwa mzito. Futeni kiwanja kwanza, au tumieni mipira mikuukuu kupasha mwili na kufungua mizuri jua likishakausha saruji.

Kwa yule mama tunashauri mnunue kopo la mipira yenye doa la kijani. Ina kasi pungufu kwa asilimia 25 kuliko ya kawaida, na inachezewa kwenye kiwanja kizima. Watu wanaidhania ya watoto, na wanakosea. Mtu mzima anayeanza anapata muda wa kufika na kujipanga, ninyi mnapata mpira unaorudi. Yenye doa la chungwa ni pungufu kwa asilimia 50, na hiyo kwenye kiwanja kizima itawachosha wote.

Sasa hilo la kukosea makusudi. Acha kabisa, dada. Mzee wa miaka 67 aliyeanzisha kundi ameona mipira mingi kuliko wewe, na mpira uliotupwa nje kwa huruma anautambua ukiwa bado hewani. Kukunyima macho wakati wa kupeana mikono kulitokana na hilo. Wala usitangaze "ndani" mpira uliotoka ili kumfurahisha mtu. Mnapocheza bila mwamuzi kila mmoja anaamulia upande wake, na ukiwa na shaka mpira ni halali kwa mpinzani. Pasipo shaka, sema ulichokiona.

Njia ya heshima ni kuupa mchezo masharti yanayojulikana na wote, kisha ucheze kwa juhudi zako zote ndani ya masharti hayo. Yapo mengi. Lililo bora kwa kundi kama lenu ni la kutangulizia pointi kwa ngazi. Gemu ya kwanza mnaanza sawa. Ukishinda, gemu inayofuata mwenzako anaanza na 15. Ukishinda tena, anaanza na 30, kisha 40. Ukifungwa, mnashuka ngazi moja. Dyusi isiwe na advanteji, yaani mkiwa 40 kwa 40 pointi moja tu iamue. Gemu mbili tatu za mwanzo unaweza kushinda kirahisi. Ukifika kuanza 0-40, unatakiwa kushinda pointi 4 mfululizo bila kuteleza hata mara moja, na hapo ndipo utakapojua kama fohendi ya Jumanne imekomaa au ni ya mazoezini tu. Ngazi zinajipanga zenyewe baada ya robo saa, bila mtu kukaa na kujadili nani dhaifu kwa kiasi gani. Jambo hili si geni: Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wakicheza tenisi kwa kutangulizia pointi, na mashindano ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida.

Sharti la pili ni la eneo. Wewe ulinde kiwanja cha dabozi (mchezo wa wawili kwa wawili), upana wa mita 10.97, mwenzako alinde cha singo, mita 8.23. Una mita 1.37 zaidi ya kukimbilia kila upande. Hili lifanyeni kwa kaka wawili, si kwa mama, maana anayeanza bado hawezi kuitumia ile mistari ya pembeni.

La tatu ni servisi moja badala ya mbili unazoruhusiwa, na kwako hilo ni dawa. Tutalirudia.

Namna ya kuliwasilisha ni muhimu sawa na sharti lenyewe. Ukimwendea mzee ukasema "nikutangulizie pointi," umemtukana hata kama hukukusudia. Mwendee kabla watu hawajajaa, mnapofunga kamba za viatu, useme: "Mzee, shikamoo. Naomba unisaidie. Nataka kuikomaza servisi yangu ya pili. Leo naomba nikuchezee kwa servisi moja tu, ya pili, seti nzima." Hujasema uongo, na yeye anakuwa mwalimu wako wa siku hiyo. La ngazi nalo mpelekee yeye kama wazo, alitangaze yeye kwa kundi zima. Likitoka kwake ni utaratibu wa Jumamosi. Likitoka kwako, uliye mdogo na uliyepanda kiwango juzi, litasikika kama majigambo.

Ndani ya pointi yenyewe, jiwekee kanuni ya mipira mitatu: mipira yako mitatu ya kwanza ipige katikati ya kiwanja, juu ya wavu kwa mita moja, ianguke kati ya mstari wa servisi na mstari wa nyuma. Kuanzia wa nne ruksa kufungua kona. Hapo hujamzawadia mtu kitu. Mpira wa katikati wa namna hiyo unamnyima mpinzani pembe za kupigia, naye anaufikia na anashughulika. Kwa mama lenga fohendi yake, mpira udunde mita moja na nusu hivi mbele yake, upande hadi kiunoni. Hiyo ni shabaha ndogo kuliko kona yoyote uliyowahi kulenga! Ukiweza kumpelekea mipira kumi ya hivyo mfululizo, una mkono unaokutii.

Yapo mapigo ambayo kwa watu fulani yawekwe kabatini. Dropu, yaani mpira mfupi unaofia karibu na wavu, kwa mzee wa miaka 67 kwenye saruji, asubuhi, magoti bado ya baridi: hapana. Kukimbia ghafla na kufunga breki kunaumiza misuli ya shavu la mguu na magoti. Lobu inayomrudisha kinyumenyume ni mbaya zaidi, kwa kuwa wachezaji wa umri huo wanaanguka kisogo. Kama ni lazima umwinulie, mwinulie upande wa fohendi ili ageuke na kukimbia akitazama mbele. Na mtu aliye dhaifu akiwa wavuni usimpigie kwa nguvu mwilini. Mita 3 ni karibu mno kwa asiyejua kukinga, na jicho halina spea.

Kwa watu wanane na kiwanja kimoja kwa saa mbili, singo ziwe chache. Chezeni dabozi za seti fupi, wa kwanza kufika gemu 4, mkifika 3-3 tai-breki, gemu ya pekee ya kuamua seti. Seti kama hiyo ni dakika 20 hivi, kwa hiyo mnapata zamu tano au sita na hakuna anayekaa sana kivulini. Mpangeni aliye bora kuliko wote na aliye dhaifu kuliko wote upande mmoja, wawili wa katikati upande wa pili. Yaani wewe na mama. Hapo jihadhari na ugonjwa wa mchezaji bora: kukatisha mipira ya mwenzake. Mpira unaoelekea kwa mama ni wa mama. Wewe funika lobu zinazompita na katikati ya kiwanja, akikosa usimfundishe mpaka akuulize. "Pole" kila baada ya pointi nayo inachosha, bora umwambie mpira unaofuata utakwenda wapi.

Huyo kaka wa lobu usimkasirikie, kwa sababu anakupa kitu usichopewa na mwalimu. Lobu yake inadunda na kupanda hadi begani, nawe unaupiga huko juu kwa mkono uliokosa egemeo. Chagua moja kati ya mawili, na uchague mapema. Rudi mita 2 nyuma ya mstari, uache mpira upande na kushuka tena hadi kiunoni, kisha umrudishie juu na mbali ndani ya kiwanja, mshazari. Au songa mbele uuchukue unapoanza tu kupanda, kabla haujapita kiuno. Kukaa katikati ya hayo mawili ndiko kunakokufungisha. Lobu yake ikiwa fupi, iache idunde kwanza: geuka ubavu, mkono wa kushoto uuonyeshe mpira kwa kidole, ndipo upige smashi, pigo kali la juu ya kichwa. Kusmashi moja kwa moja kutoka angani kunataka macho, na viwanja vingi vimelazwa kaskazini hadi kusini. Mwenye mkono wa kulia akitazama kaskazini, jua la asubuhi liko kuliani kwake, palepale anaporushia mpira wa servisi. Ukiwa upande huo, rusha mpira kidogo zaidi juu ya kichwa kuliko kulia. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ongeza hesabu ya upepo: lobu inayokwenda kinyume na upepo inaning'inia na kufupika, subiri hatua moja mbele.

Kuhusu kiwango. Jumamosi inakushusha kama unaicheza ukiwa umesimama. Kama miguu inafanya kazi, ni siku yako ya kujaribu yale ambayo kwenye mechi ngumu huthubutu. Turudi kwenye servisi ya pili. Iwe ya topspini, yaani mpira uzunguke kwenda mbele: raketi ipande kutoka chini kwenda juu nyuma ya mpira, mpira upite juu ya wavu kwa zaidi ya nusu mita na kushuka ndani ya boksi la servisi. Kwa mpokeaji dhaifu inarudishika, maana haina kasi kubwa, na kwako kila servisi inayokosa ni pointi uliyoitoa. Mshikio uwe ule wa kushika raketi kama nyundo. Ukiushika kama kikaangio, mpira hautazunguka. Hesabu kimoyomoyo ni ngapi zimeingia kati ya 20. Zikifika 16, anza kuchagua pembe: mbili bekhendi (upande wa pili wa fohendi), moja mwilini, moja fohendi. Wiki nyingine fanya hivyohivyo na bekhendi ya slaisi, ya kuukata mpira kwa chini, wiki nyingine na voli, pigo la kabla mpira haujadunda: kila pointi lazima uimalizie wavuni, upigwe lobu, upitwe, ujifunze kusoma bega la mpigaji.

Usijitoe. Baki na mwalimu Jumanne na Alhamisi, na mmojawapo wa kaka wale umwombe mcheze singo katikati ya wiki mara moja kila baada ya siku kumi au kumi na nne, mechi ya kweli, bila masharti. Jumamosi unayohitaji kujipima, mwambie mzee Ijumaa kwa simu, si kiwanjani mbele za watu: "Mzee, kesho naomba nusu saa ya mwisho nicheze na kaka." Kisha kuanzia saa 2 na nusu, mzee na mama wakiwa wamekaa kivulini na madafu yao, piga servisi ya kwanza kwa nguvu zako zote.